Kuanza Si Kumaliza: Tarehe za Chanjo za Watoto Wetu

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilipotuagiza tuseme maneno machache baada ya kusomwa hesabu za mwaka, tulifikiri sana juu ya jambo la kusema. Kazi ya karani ni kalamu na daftari. Karani si daktari, wala si mhubiri. Lakini karani huona jambo moja ambalo wengine hawalioni kwa urahisi, nalo ni yale yanayoandikwa mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka. Nasi tumeona jambo katika daftari la matanga, na jambo hilo ndilo linalotusimamisha leo kuzungumza habari za chanjo za watoto wadogo na tarehe zake.

Kila mwanachama anajua jinsi daftari hilo linavyojazwa. Msiba ukitokea, habari hufika upesi, na kabla ya jua kuchwa michango imeanza kuingia. Huyu ametoa fedha, yule gunia la mahindi, mwingine amekodisha hema na viti. Katika jambo hilo Chama chetu hakina aibu mbele ya mtu yeyote. Lakini mkilifungua daftari mtaona kwamba baadhi ya majina ni ya watu ambao hawakufikisha hata umri wa kwenda shule. Kwa hao tulitoa fedha za jeneza dogo, tukatoa nauli za wafiwa, tukala chakula cha matanga, tukarudi makwetu. Hatuna daftari lolote linaloonyesha ni mzazi gani aliyesaidiwa nauli ya kumpeleka mtoto kliniki wakati mtoto alipokuwa mzima. Hilo ndilo lililotukaa moyoni.

Wazee waliotutangulia katika nchi hii ya Nyanza walifahamu kwamba ustawi wa watu huanzia nyumbani. Mwaka 1923 kilipoundwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, pamoja na kasisi Owen wa misheni, wanachama wake walipeleka malalamiko yao mbele ya serikali, na papo hapo wakaahidiana kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Hawakuona haya kutaja choo na panya katika mkutano wa watu wazima. Basi nasi tusione haya kutaja sindano ya mtoto mchanga.

Kwanza tuulize, chanjo ni nini? Chanjo ni kuufundisha mwili kumtambua adui kabla adui hajafika. Mtoto hupewa kipande kidogo cha kile kidudu cha ugonjwa, au kidudu chenyewe kikiwa kimeuawa au kimedhoofishwa. Mwili hukitazama, hukikariri, na huweka walinzi. Siku ugonjwa wenyewe ukija, hauukuti mwili umelala. Kwa hiyo chanjo si dawa ya mgonjwa. Ni ya mtoto mzima. Na hapo ndipo penye ugumu wetu, maana sisi wanadamu hukimbia kwa yule anayelia, tukamwacha anayecheza.

Wazee mlio mbele yetu mnao ushahidi juu ya miili yenu wenyewe. Wengi wenu mna kovu la chanjo ya ndui begani. Mnawakumbuka watu waliobaki na mashimo usoni, na wengine waliopofuka. Leo hakuna mtoto wa shule anayejua ndui ni nini. Mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka nchini Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, na bado alikuwa hajapata chanjo. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Baadaye bwana huyo alijitolea kuwahimiza wazazi wa nchi yake wachanje watoto dhidi ya polio, akiwaeleza makosa yake mwenyewe. Alikuwa katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013, kwa malaria.

Mwaka huohuo wa 1980 ndipo Kenya ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa chanjo za watoto. Wakati huo ulikuwa na chanjo za magonjwa 6: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Tangu hapo orodha imeongezeka. Mwaka 2001 ziliongezwa kinga za homa ya ini aina ya B na za kidudu kiitwacho Hib, kiletacho nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimonia ya nyumokoka, na mwaka 2014 ile ya kuhara kwa virusi vya rota. Mwaka 2019 ikaja ya malaria. Bibi anayesema, «Sisi tulilea bila sindano nyingi hivi,» anasema kweli. Lakini bibi huyohuyo anajua ni wangapi aliowazaa na ni wangapi aliowalea.

Sasa tuzitaje tarehe zenyewe kwa utaratibu, maana wazazi wengi huambiwa «rudi siku fulani» bila kuelezwa kwa nini.

Mtoto akizaliwa, hupata chanjo ya kifua kikuu, iitwayo BCG, katika mkono wa kushoto, na matone ya kwanza ya polio mdomoni. Ile ya mkononi hufanya kidonda kidogo baada ya majuma kadhaa, nacho hukauka na kuacha kovu. Kidonda hicho kisipakwe majani wala dawa yoyote. Aliyezaliwa nyumbani apelekwe upesi, asingoje majuma 6.

Akifikisha majuma 6 hupata matone ya polio, matone ya rota, sindano ya paja la kushoto yenye kinga za magonjwa 5 kwa pamoja, na sindano ya paja la kulia ya nimonia. Majuma 10 hurudi kwa mzunguko wa pili, na majuma 14 kwa mzunguko wa tatu, pamoja na sindano ya polio. Matone ya rota hutegemea aina ya chanjo iliyopo kituoni. Muuguzi ndiye atakayesema yamekwisha lini.

Akifikisha miezi 6 huanza chanjo ya malaria katika kaunti zetu, na hupewa vitamini A, ambayo huendelea kila miezi 6 hadi atimize miaka 5. Miezi 7 ni malaria ya pili. Miezi 9 ni malaria ya tatu, pamoja na chanjo ya surua na rubela. Miezi 18 ni surua na rubela ya pili. Mpango wa malaria ulipoanza, dozi ya nne iliwekwa miezi 24. Mzazi na afuate tarehe aliyoandikiwa kitabuni. Mwezi Julai 2025 ilifanyika kampeni ya nchi nzima ya surua na rubela pamoja na chanjo mpya ya homa ya matumbo. Kwa hiyo mzazi asishangae akiona kitabu cha mtoto mdogo kina mambo ambayo kitabu cha kaka yake hakina. Na binti akifikisha miaka 10, iko chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019.

Hapa karani anaomba kusema jambo la kikarani. Wengi hukosea kwa sababu tarehe za kwanza zimehesabiwa kwa majuma, na zile za baadaye kwa miezi. Juma halidanganyi. Mtoto aliyezaliwa Jumatatu, majuma yake 6, 10 na 14 yote huangukia Jumatatu. Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026. Majuma 6 ni Jumatatu 16 Februari. Majuma 10 ni Jumatatu 16 Machi. Majuma 14 ni Jumatatu 13 Aprili. Baada ya hapo fuata tarehe ya kuzaliwa: miezi 6 ni 5 Julai, miezi 7 ni 5 Agosti, miezi 9 ni 5 Oktoba, na miezi 18 ni 5 Julai ya mwaka 2027. Ikiwa siku hiyo ni Jumapili, kama 5 Julai 2026 ilivyo, mpeleke Jumatatu yake. Mama asiyejua kusoma aweza kukumbuka siku ya juma aliyojifungua. Hakuna mama aisahauye.

Mtu atauliza, kwa nini tarehe hizi na si nyingine? Kifaduro huua hasa watoto wa miezi ya kwanza, ndiyo sababu hatungoji mtoto akue. Na mwili wa mtoto mchanga haujifunzi kwa somo moja. Hurudiwa mara ya pili na ya tatu, na angalau majuma 4 yapite katikati, kama mwalimu arudiavyo jedwali la hesabu hadi likae kichwani. Surua nayo ina sababu yake. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake, na kinga hiyo ikingali na nguvu huizuia chanjo isifanye kazi. Ikifika miezi 9 imepungua, na sasa mtoto yu katika hatari. Hata hivyo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, kiasi cha 85 tu ndio wanaokingwa kwa dozi hiyo moja. Wale 15 wanangoja ile ya miezi 18. Nasi hatuwezi kuwatambua kwa macho. Mtoto wako aweza kuwa mmoja wao, amenona, anakimbia na kucheka.

Katika maradhi ya watoto, malaria ndiyo iliyo nyumbani kwetu zaidi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2020 ulikuta malaria kwa watoto 6 katika kila 100 waliopimwa nchini. Katika nchi hizi za kando ya ziwa walikuwa 19 katika kila 100. Hatuhitaji hesabu kuyajua hayo, maana usiku wa homa ya mtoto tunaujua wote.

Basi yatupasa tukumbuke kwamba chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 13 Septemba 2019, pale Ndhiwa katika kaunti ya Homa Bay, watoto wa kwanza waliipata. Malawi na Ghana zilikuwa zimetangulia mwezi Aprili mwaka huohuo. Kabla yake ilijaribiwa kwa miaka, tangu 2009 hadi 2014, katika nchi 7 za Afrika, na Siaya na Kombewa za majirani zetu zilikuwa miongoni mwa mahali pa majaribio. Kaunti 8 za magharibi zilichaguliwa, Homa Bay na Migori zikiwamo. Lakini katika kaunti hizo baadhi ya sehemu zilipewa chanjo kwanza, na nyingine zikangojeshwa ili tofauti ipimwe. Wazazi walioishi upande wa pili wa barabara waliuliza kwa uchungu, «Mtoto wa jirani amepata, wetu ana kosa gani?» Swali hilo lilikuwa la haki. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike, na mwezi Machi 2023 zile sehemu zilizongoja nazo zikaanza kupewa. Hesabu ya nchi zote 3 ilipofanywa, ilionekana kwamba kwenye sehemu zilizopewa chanjo, vifo vya watoto wa umri huo, kwa maradhi yote kwa jumla, vilipungua kwa asilimia 13.

Tusiwadanganye wazazi juu ya chanjo hii. Haizuii malaria yote. Katika majaribio yale, watoto waliopata dozi zote 4 waliepushwa kiasi cha homa 4 za malaria katika kila 10 ambazo zingewapata. Kwa hiyo mzazi asiseme, «Mtoto alichanjwa akaugua, basi chanjo ni ya bure.» Chandarua chenye dawa kibaki juu ya kitanda, na mtoto akipata homa apelekwe kupimwa. Chanjo, chandarua na dawa ni mafiga matatu. Chungu hakikai juu ya figa moja.

Na tazameni mahali mafiga yanapotikisika. Majuma ya kwanza mama huenda kliniki kwa bidii, maana mtoto ni mchanga na ndugu wote wanamtazama. Baada ya miezi 9 mtoto hutambaa, husimama, hula ugali. Mama amerudi shambani au sokoni, au ana mimba nyingine. Baba amehama na samaki, kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, leo Mbita, kesho Remba, keshokutwa Muhuru. Kitabu cha kliniki kimebaki katika sanduku la nyumba nyingine. Hapo ndipo dozi ya nne ya malaria na surua ya pili zinapopotea. Kuanza si kumaliza, ndugu zetu.

Sisi tunaosema haya hatujioni kuwa safi. Kifungua mimba wetu alipata chanjo zote hadi majuma 14. Siku ya miezi 9 mama yake alimpeleka katika zahanati moja, akaambiwa kwamba watoto waliofika ni wawili tu, kwa hiyo chupa ya surua haitafunguliwa, arudi Alhamisi. Alhamisi hiyo kulikuwa na maziko katika ukoo. Mama alikuwa jikoni kwa wafiwa, na sisi tulikuwa tumekaa mezani chini ya mti tukiandika michango katika daftari hilihili. Hatukukumbuka. Juma lililofuata hatukukumbuka tena. Mtoto alipata surua akiwa na miezi 11. Tunamshukuru Mungu hakufa. Lakini sikio lake la kushoto lilitoa usaha kwa muda mrefu, na hata leo mwalimu wake humweka dawati la mbele, upande ambao sikio la kulia litasikia. Kila tunapomwita mara mbili ndipo ageuke, tunaikumbuka Alhamisi ile.

Baadaye tuliuliza kwa nini chupa haikufunguliwa, tukaelezwa. Chupa moja ya surua huwa na dozi 10. Ikisha kuchanganywa na maji yake, inayobaki hutupwa baada ya saa 6. Ya BCG nayo ni hivyo. Muuguzi anaogopa kutupa mali ambayo kesho itatakiwa. Hatusemi kwamba kumrudisha mama aliyetembea tangu alfajiri ni jambo jema. Twasema kwamba sababu yake ikijulikana, dawa yake hupatikana, nayo iko mikononi mwetu: mama 8 au 10 wa mtaa mmoja wakienda siku moja, chupa itafunguliwa. Kukusanya watu ndiyo kazi Chama hiki kinayoijua kuliko zote.

Yako pia makosa yasiyo ya mzazi hata kidogo. Mwaka 2025 chanjo za BCG na polio zilipungua nchini kwa muda, na mama wengi walirudi mikono mitupu. Mama wa namna hiyo asikate tamaa. Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Huendelea pale alipoachia. Lakini matone ya rota yana kikomo cha umri. Aliyekosa miezi 9 aende hata akiwa na miezi 15. Na wale wanaowakaripia mama mbele ya watu kwa sababu wamechelewa au kitabu kimeloa mvua, twawaomba kwa heshima waache. Mama aliyeaibishwa harudi, na anayeadhibiwa ni mtoto.

Wengine huogopa homa inayofuata sindano. Homa kidogo, uvimbe kidogo na kulia usiku mmoja ni dalili kwamba mwili unajifunza. Homa ikizidi au ikiendelea, au mtoto akishikwa na degedege, arudishwe kituoni bila kuchelewa. Mafua madogo si sababu ya kuahirisha chanjo. Na mama ambaye yeye mwenyewe hutumia dawa za virusi vya UKIMWI asijifiche, bali amweleze muuguzi kwa siri, maana mtoto wake huhitaji uangalizi zaidi, na huweza kupewa surua ya ziada akiwa na miezi 6.

Huenda mtu akasema moyoni, «Mtoto ni wangu; nikimwacha, hasara ni yangu.» Tunaomba tumkumbushe jambo lililotokea hapa Migori. Mwezi Julai 2011, katika iliyokuwa wilaya ya Rongo, mtoto mmoja alishikwa na polio. Wataalamu walipokichunguza kidudu chake, walikuta ni ndugu wa kile kilichokuwa Uganda mwaka 2010. Kilikuwa kimepita mpaka bila cheti, kikapita katika watu wengi wasioonyesha dalili yoyote, hadi kikampata mtoto. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020, lakini mwaka 2022 Malawi ilipata mgonjwa wa kidudu kilichotoka Pakistan. Sisi tunaokaa kati ya ziwa na mpaka wa Isebania, tunaopokea mashua na malori kila siku, hatuwezi kusema kwamba mtoto wa mtu ni wa peke yake. Surua ndiyo mbaya zaidi kwa kuenea. Watoto wapatao 95 katika kila 100 wasipochanjwa, hupata njia.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kulalamika tu. Tunaleta mbele ya mkutano mapendekezo 4, nayo ni madogo.

La kwanza, kila tawi liweke daftari la watoto, likae kando ya daftari la matanga. Liandikwe jina la mtoto, siku aliyozaliwa na tarehe zake za chanjo. Habari za ugonjwa wa mama au wa mtoto zisiandikwe kabisa, maana hizo ni siri yao na muuguzi.

La pili, sehemu ya mfuko wetu, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa nauli za mashua na pikipiki za mama walio mbali, kama wale wa visiwani Mfangano na wale wa mwisho wa Nyatike. Chanjo zenyewe katika vituo vya serikali hazilipiwi. Kinachowashinda wengi ni njia.

La tatu, makatibu wa matawi washauriane na wahudumu wa afya wa vijijini, hao ambao Waluo huwaita nyamrerwa, ili mama wa mtaa mmoja waende pamoja siku moja.

La nne ni lenu, wazee wetu. Mnapoingia katika boma lenye mtoto mchanga, mna desturi ya kuuliza jina alilopewa na mababu waliomtangulia. Tunaomba muongeze swali moja: «Kitabu chake kiko wapi?» Muulizeni baba pia, si mama peke yake. Na kijana anayehamia ufuo mwingine na wavu wake, mwambieni atie kitabu cha mtoto katika mfuko usiopitisha maji, aende nacho. Neno la karani husikika siku moja ya mwaka. Neno la mzee husikika kila siku, liwe la Mluo, la Mkuria au la Msuba, na mkwe haliachi lipite.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga kuta nyingi, na gharama yake imo katika daftari hili tulilolishika. Mwaka ujao, Mungu akitujalia uzima, tungependa kusimama hapa tukiwa na madaftari mawili, na tuwasomee lile la watoto kwanza.